Ngoma ya Ngurumo na Umeme

Watu wengi hudhani ya kuwa furaha ni jambo jepesi, na kwamba huzuni peke yake ndiyo yenye uzito. Mtu aliaye huheshimiwa. Mtu achekaye huulizwa amepata nini. Muziki wa maombolezo husikilizwa kwa vichwa vilivyoinama, bali muziki wa kuchezewa huhesabiwa kuwa pambo la saa chache, kama povu la bahari lionekanalo na kutoweka. Mimi si wa fikira hiyo, na katika kurasa hizi nataka nikueleze, msomaji wangu, kwa nini. Shahidi wangu ni muziki mmoja mfupi wa okestra, wa dakika tatu hivi. Ukiusikiliza bila kujua asili yake, utatabasamu na kupigapiga mguu chini, kisha utausahau. Ukiijua asili yake, nadhani utatabasamu vile vile, lakini hutausahau.

Jina la muziki huo kwa Kijerumani ni Unter Donner und Blitz, yaani Chini ya Ngurumo na Umeme. Mtungaji wake ni Johann Strauss wa Pili, mzaliwa wa Vienna, mji mkuu wa Austria. Ulipigwa mbele ya watu kwa mara ya kwanza tarehe 16 Februari 1868, na katika hesabu ya tungo zake ni wa 324. Mimi niliusikia kwanza nilipokuwa mwanafunzi wa chuo cha ualimu. Mkufunzi wetu wa muziki alikuwa na desturi njema: kila Ijumaa alasiri alitupigia kipande kimoja bila kukitaja jina, akatutaka tuandike tulichokisikia. Siku hiyo mwenzetu mmoja aliandika kwamba amesikia farasi; wa pili aliandika kwamba amesikia watu wakiliwahi soko lililo karibu kufungwa; mimi niliandika kwamba nimesikia mvua ya mawe juu ya paa la mabati. Jina lilipotajwa nilijiona mwerevu kwa siku nzima. Lakini kilichobaki moyoni mwangu si werevu huo. Ni swali alilotuachia mkufunzi alipokuwa akikusanya karatasi zake: watu walioucheza muziki huu mara ya kwanza walikuwa wakikimbia nini?

Kabla ya kulijibu swali hilo, na tuusikilize muziki wenyewe kwa sikio la akili. Hauna utangulizi mrefu. Mara mwongozaji aushushapo mkono wake, fidla huanza kukimbia kama watoto walioachiliwa kutoka darasani. Chini yake ngoma hunguruma, kama radi itembeayo nyuma ya vilima. Kisha matoazi hupasuka kwa ghafula: huo ndio umeme. Tarumbeta huitikia, na filimbi huruka juu ya wote. Katikati muziki hugeuka, ukaleta sauti nyingine, lakini hata hapo matoazi hayatulii. Mwishowe yale ya mwanzo hurudi, na kwa kishindo mambo yamekwisha. Mpigo wake ni wa mbili mbili, kushoto kulia, kushoto kulia, nao ni wa kasi hata mchezaji hapati nafasi ya kufikiri miguu yake iko wapi.

Yafaa tuangalie kwamba dhoruba hii haimdhuru mtu. Mtungaji amekitwaa kitu kitishacho kuliko vyote vya angani, akakitia katika mizani ya muziki, akakipa zamu yake ya kusema. Ngurumo haivumi ipendapo. Huvuma ipewapo nafasi na mpiga ngoma, ambaye naye humtazama mwongozaji. Hofu imefundishwa kucheza, nayo ikatii.

Muziki wa namna hii huitwa polka, na polka si mtoto wa majumba ya kifalme. Ilizaliwa Bohemia, nchi ya Wacheki, ambayo wakati ule ilikuwa chini ya milki ya Austria na leo ni sehemu ya Jamhuri ya Cheki. Yasimuliwa kwamba katika miaka ya 1830 msichana mmoja mtumishi alionekana akiimba na kucheza peke yake kwa hatua alizozibuni mwenyewe, na mwalimu mmoja aliyemwona akaiandika sauti yake ili wengine wajifunze. Wanahistoria huihesabu habari hiyo kuwa hekaya, wala sishindani nao. Hata hivyo, mimi niliye mwalimu naipenda, maana yanikumbusha kwamba kazi nusu ya ualimu ni kufundisha, na nusu ya pili ni kuona kile ambacho mwanafunzi tayari anakijua. Hata jina la polka lina mabishano. Wengine husema kwamba latokana na neno la Kicheki lenye maana ya nusu, kwa sababu ya hatua zake fupi. Wengine husema kwamba ni jina la mwanamke wa Poland. Lililo hakika ni kwamba kabla ya mwaka 1840 ilikuwa imekwisha fika Prague na Vienna, na ilipofika mwaka 1844 miji ya Paris na London ilikuwa imeshikwa na wazimu wa polka. Walimu wa dansi, kama Cellarius wa Paris, walijaliwa wanafunzi wa kila tabaka. Kitu cha wakulima kikapanda ngazi, kikaingia kumbi za marumaru bila ya kufuta vumbi la shamba miguuni.

Vienna iliipokea polka na kuizalisha. Ikatokea polka ya mwendo wa pole, iliyoitwa ya Kifaransa. Ikatokea polka iliyochanganywa na mazurka, ngoma ya Poland. Na ikatokea polka ya mbio, iliyorithi kasi ya dansi ya zamani iitwayo galop. Huu muziki wetu wa ngurumo ni wa jamii hii ya tatu.

Wala usidhani kwamba mambo haya yalikaa mbali nasi daima. Katika Vienna hiyo hiyo, mwaka 1829, mtengenezaji wa vinanda aitwaye Cyrill Demian aliandikisha chombo kipya kilichovutwa na kusukumwa kwa mikono: ndicho kodiani. Chombo hicho kilivuka bahari, na katika miaka ya 1940 kilikuwa kimekwisha zoea mikono ya vijana wa Kikuyu walioucheza mwomboko, mwanamume na mwanamke wawili wawili, pamoja na mlio wa chuma kiitwacho karing'aring'a. Sisemi kwamba mwomboko ni polka. Kila mmoja una wazazi wake na maneno yake. Nasema tu kwamba ngoma haiombi ruhusa mpakani, na kwamba kijana wa Nyeri aliyekivuta kodiani alikuwa jirani wa Vienna bila ya kujua.

Sasa tumtazame mtungaji. Baba yake, aliyeitwa pia Johann Strauss, alikuwa mashuhuri sana kwa muziki wa dansi, lakini hakutaka mwanawe aifuate kazi hiyo; alitaka awe mtu wa benki. Kijana akajifunza fidla kwa siri, na mama yake akamsitiri. Tarehe 15 Oktoba 1844, kabla hajatimiza miaka 19, alisimama mbele ya okestra yake mwenyewe katika ukumbi wa Dommayer, huko Hietzing. Tangu siku hiyo mji ulikuwa na Strauss wawili walioshindana, hata mauti yalipomchukua baba mwaka 1849. Mwana akazirithi kazi za baba pamoja na mzigo wake. Katika msimu wa dansi, yaani majuma yaliyotangulia Kwaresima, kila chama cha Vienna kilikuwa na usiku wake: madaktari, mawakili, wanafunzi, wenye viwanda, waandishi wa magazeti. Kila chama kilitaka muziki mpya uliotungwa kwa ajili yake. Strauss aliongoza usiku, akatunga mchana, akapita kutoka ukumbi hadi ukumbi. Mwaka 1853 nguvu zilimwishia, akaugua kwa uchovu, ikambidi ndugu yake Josef, aliyekuwa mhandisi, aache ramani zake na kushika kijiti cha kuongozea. Hapa, msomaji, tayari tunaona nyufa katika ile fikira ya kwamba furaha ni jambo jepesi. Waliokuwa wakicheza hawakuona jasho. Lakini jasho lilikuwepo, nalo lilitoka kwa yule aliyesimama mbele yao akitabasamu.

Turudi katika swali la kile walichokuwa wakikikimbia. Katika kiangazi cha mwaka 1866 Austria ilipigana vita na Prussia, ugomvi ukiwa ni nani atakayekuwa mkubwa miongoni mwa nchi za Kijerumani. Tarehe 3 Julai majeshi yenye askari zaidi ya 400,000 yalikutana karibu na mji wa Königgrätz. Mji huo umo katika Bohemia, nchi ile ile iliyoizaa polka. Askari wa Prussia walikuwa na bunduki zilizojazwa risasi kwa nyuma, hata mtu aliweza kujaza na kupiga huku amelala chini. Waaustria walijaza bunduki zao kwa mdomo, wakalazimika kusimama, wakavunwa kama mtama. Jua lilipotua Austria ilikuwa imepungukiwa na watu zaidi ya 40,000, waliouawa, waliojeruhiwa, waliopotea na waliotekwa. Nyuma ya vita ukaja ugonjwa wa kipindupindu. Vita vyote havikutimiza miezi miwili, lakini viliitoa Austria katika mambo ya Ujerumani, na mwaka uliofuata, 1867, Kaisari Franz Joseph alilazimika kugawana madaraka na Wahungaria. Ngurumo waliyoizoea watu wale haikuwa ya ngoma. Ilikuwa ya mizinga.

Msimu wa dansi haukungoja machozi yakauke. Tarehe 15 Februari 1867, katika ukumbi wa Dianabad mjini Vienna, kwaya ya wanaume iliimba kwa mara ya kwanza utungo wa Strauss uliokuja kujulikana duniani kote, ule wa mto Danube wa buluu. Maneno yake ya kwanza, yaliyoandikwa na Josef Weyl, yalikuwa ya mzaha, yakiwahimiza watu wa mji wachangamke ingawa nyakati zilikuwa mbaya. Mwaka mmoja na siku moja baadaye, katika ukumbi ule ule, polka ya ngurumo ilizaliwa. Dianabad lilikuwa jumba la kuogelea. Majira ya baridi bwawa lilifunikwa, na ukumbi ukawa uwanja wa dansi. Usiku ule mwenyeji alikuwa chama cha wasanii kilichoitwa Hesperus. Hesperus ni jina la nyota ya jioni, ambayo sisi huiita Zuhura, na yasimuliwa kwamba Strauss kwanza alikusudia kuuita muziki wake Kimwondo, ili uoane na jina la wenyeji wake. Mwishowe akaziacha nyota, akachagua radi.

Sidai kwamba mtungaji alikaa mezani akasema, "Nitawatungia watu wangu dawa ya kushindwa." Mtungaji wa dansi hufanya kazi kwa sababu dansi iko karibu na wenyeji wanangoja. Nasema tu jambo liwezalo kuonekana na kila mtu: katika ukumbi ule, miezi kumi na tisa baada ya Königgrätz, ilikuwa shida kumkuta mtu asiyemjua mfiwa, au mlemavu wa vita, au askari aliyerudi akiwa kimya. Watu hao ndio walioshikana mikono na kukimbia juu ya bwawa lililofunikwa, huku ngoma zikivuma na matoazi yakipasuka. Hawakukimbia ngurumo. Walikimbia pamoja nayo.

Na Strauss mwenyewe alikuwa mtu wa namna gani? Aliyefikiri kwamba ni lazima awe jasiri amekosea. Aliogopa safari za gari la moshi. Aliyaogopa mauti kiasi cha kwamba mama yake alipofariki mwaka 1870, yule mama aliyemsitiri alipokuwa akijifunza fidla, hakuweza kuhudhuria mazishi yake. Simtaji kwa kumcheka. Namtaja kwa sababu watu wengi husema kwamba anayechangamsha wengine hana hofu yake mwenyewe. Kumbe mtu mwenye hofu nyingi ndiye aliyejua vizuri kuliko wengine jinsi ya kuipa hofu miguu ya kuchezea.

Nimeyafikiri mambo haya mara nyingi, lakini sikuyaona kwa macho mpaka mwaka 2024. Utakumbuka kwamba masika ya mwaka ule yalikuwa ya ajabu. Mvua ilinyesha Kenya hata mito ikasahau kingo zake. Zaidi ya watu 200 walipoteza maisha, familia nyingi zilihama makwao, na muhula wa pili, uliokuwa uanze mwishoni mwa Aprili, haukuanza mpaka tarehe 13 Mei. Shule ninayofundisha iko karibu na mto. Wanafunzi walirudi, wengine bila vitabu, wengine na sare za kuazima. Binti mmoja wa kidato cha pili alirudi akiwa amempoteza ndugu yake mdogo majini. Mvua ilikuwa haijaisha. Kila alasiri mawingu yalipokusanyika darasa lilinyamaza, na radi ilipolia niliwaona watoto wakubwa, wenye kimo cha watu wazima, wakiyaziba masikio yao.

Mimi ndiye msimamizi wa chama cha muziki. Nilikuwa na polka hii katika simu yangu, pamoja na kipaza sauti kidogo, na nilijiuliza kama ni halali kuwapigia watoto hao muziki wenye jina hilo. Wahenga walisema, kilio huanza mfiwa. Nikaona kwamba kama kilio kina mwenyewe, basi na kicheko kina mwenyewe. Nikamwita binti yule pembeni, nikamweleza jina la muziki, na habari za vita, na habari za watu waliocheza. Nikamwambia kwamba akisema usipigwe, hautapigwa, wala hakuna atakayejua kwa nini. Alitazama chini kwa muda. Kisha akasema, "Mwalimu, upige. Nataka kuisikia radi isiyoua."

Mwalimu mwenzangu, mtu aliyenizidi umri na ambaye namheshimu, alipata habari akanijia kwenye chumba cha walimu. "Mwalimu," akaniambia, "watoto hawa wangali matangani. Kwetu ngoma hainyanyuliwi kabla matanga hayajaondolewa. Wewe umesoma mpaka ukazisahau mila?" Sikumjibu kwa haraka, maana hakusema upuuzi. Kila watu wana muda wao wa kuketi na wafu wao, na mwenye kuuharakisha muda huo huvunja kitu asichoweza kukiunga. Nilimwambia kwamba sikusudii kuondoa matanga ya mtu. Nakusudia kuwapa watoto njia ya kukaa ndani ya mvua bila ya kuziba masikio. Akatikisa kichwa, wala hakukubali. Lakini siku ilipofika alikuja, akaketi nyuma kabisa, mikono kifuani.

Mara ya kwanza walisikiliza kimya. Mara ya pili mvulana mmoja alianza kupiga dawati kwa viganja kila ngoma iliposikika, na wengine wakamfuata. Kabla ya mara ya tatu mtu alikimbia jikoni akarudi na vifuniko viwili vya sufuria, tukavifanya matoazi, na binti yule akavichukua mwenyewe bila ya kuambiwa. Hakutabasamu. Alisimama wima, akahesabu midundo kwa midomo, akapiga umeme mahali pake hasa, wala hakukosa. Sitakudanganya, msomaji, kwamba alipona siku ile. Alilia wiki iliyofuata, na baada ya hapo pia. Lakini alasiri moja radi ya kweli ilipopasuka juu ya paa letu, nilimwona akiinua vidole vyake juu ya dawati na kuhesabu, moja, mbili, moja, mbili, huku anangoja inayofuata. Hakuziba masikio. Alikuwa anaipa radi zamu yake.

Hapo ningeweza kuikomesha insha yangu, nikasema kwamba furaha ni dawa na kila mtu ainywe. Lakini nitakuwa nimekufundisha nusu. Muziki huu una ukurasa mwingine, nao ni mweusi.

Mwezi Machi 1938 Ujerumani ya Wanazi iliimeza Austria. Okestra kubwa ya mji, Philharmonic ya Vienna, iliwafukuza wanamuziki wake wa Kiyahudi, na baadhi yao wakafia makambini. Vita vya pili vya dunia vilipokuwa vimeanza, tarehe 31 Desemba 1939, okestra hiyo ilifanya onyesho la muziki wa ukoo wa Strauss tu, chini ya uongozi wa Clemens Krauss, na mapato yake yakaenda katika mfuko wa misaada wa Wanazi. Hilo ndilo lililokuwa chanzo cha onyesho la Mwaka Mpya ambalo siku hizi hutangazwa kwa mamilioni ya watu kila tarehe 1 Januari, na ambalo polka ya ngurumo husikika mara kwa mara. Watawala walitaka watu wachangamke huku jirani zao wanachukuliwa. Tena ilikuwako aibu waliyoificha. Kitabu cha ndoa cha kanisa la Mtakatifu Stefano kilionyesha kwamba babu wa babake Strauss, aliyeoa mwaka 1762, alikuwa Myahudi aliyebatizwa. Mwaka 1941 Wanazi walikitwaa kitabu hicho, wakatengeneza nakala ya uongo isiyokuwa na habari hizo, ili wapate kuufurahia muziki bila kumkiri mwenyewe. Ukweli ulikuja kurudishwa mahali pake baada ya vita, na mwaka 2013 okestra yenyewe ilichapisha habari za mwenendo wake wa wakati ule, zilizochunguzwa na wanahistoria.

Tazama, basi. Muziki ni ule ule wa dakika tatu; ngoma ni zile zile na matoazi ni yale yale. Mwaka 1868 watu waliutumia kuibeba huzuni yao. Miaka sabini baadaye muziki wa ukoo ule ule ulitumiwa kuiziba midomo ya wenye huzuni. Tofauti haimo katika fidla. Imo katika swali hili: je, furaha hii inawajua waliokufa, au inawakana? Furaha inayowajua huanza kwa idhini ya mfiwa, humwachia nafasi ya kulia kesho akitaka, na haimfukuzi mtu ukumbini. Furaha inayowakana huamriwa kutoka juu, hufuta majina vitabuni, na humwona mwenye machozi kuwa mharibifu wa sherehe. Ya kwanza ni ibada ya ubinadamu. Ya pili ni pazia la dhuluma, hata kama mapigo yake ni matamu.

Methali yetu yasema, kifo cha wengi harusi. Mgeni aisikiapo hudhani kwamba sisi ni watu wasio na huruma. Mwenyeji ajua kwamba maana yake ni nyingine: msiba uliogawanywa katika mikono mingi hupungua uzito, hata waliokusanyika huweza kula, kuzungumza, na pengine kucheka, bila ya kumsahau wanayemzika. Watu wa Vienna hawakuijua methali hii, lakini usiku ule wa Februari waliicheza.

Nakuomba, kijana usomaye, usiwe mwepesi wa kuudharau muziki mwepesi. Ukutanapo na ngoma ya kuchangamsha, iwe ya okestra, iwe ya kodiani, iwe ya redio ndani ya matatu, uliza ilizaliwa mwaka gani, mahali gani, na waliokuwapo walikuwa wametoka wapi. Mara nyingi utakuta nyuma ya kicheko kuna mtu aliyefanya kazi usiku kucha, na nyuma ya mtu huyo kuna mji uliohitaji kupumua. Lakini pia uliza ni nani hayumo ukumbini, na kwa nini hayumo. Maswali hayo mawili yakaapo pamoja humfanya msikilizaji kuwa mtu mzima.

Husemwa kwamba ngoma ivumayo haidumu. Ni kweli kwa ngoma nyingi, na kwa watu wengi wenye makelele. Ngoma hii imevuma kwa zaidi ya miaka 150, na milki iliyoizaa imekwisha sambaratika tangu mwaka 1918. Nadhani imedumu kwa sababu haikuvuma ili isikike yenyewe. Ilivuma ili watu walioisikia ngurumo nyingine, mbaya zaidi, wapate pahali pa kuweka miguu yao. Kama umewahi kuogopa, msomaji wangu, nawe unastahili pahali hapo. Na siku utakapokuwa na nguvu kuliko wenzako, ushike vifuniko vya sufuria, uhesabu vizuri, uwapigie wao.